Alisoma Riwaya ya Mauaji ya Kijijini, Akakosa Usingizi kwa Sababu ya Mdogo Wake

Wapenzi wa stori za mauaji mpo wengi na mnajijua. Ndiyo nyie mnaosikiliza mtu akisimulia maiti ilivyokutwa stoo huku mnakula chipsi mayai, na kabla stori haijafika katikati mshaanza kugombana kwenye grupu muuaji ni nani: mume, shamba boi, au yule aliyelia kupita kiasi msibani.

Dada mmoja wa Kimara ni wa chama hichohicho. Ana miaka 27 na kazi yake ni kupokea simu za wateja. Siku nzima anasikiliza watu wanaolalamika hela imekatwa, bando limeisha, muamala umeenda kwa mtu mwingine. Jioni anavua hedifoni za kazi, anavaa zake, anapanda mwendokasi na kusikiliza mauaji mpaka anashuka. Ana mashosti wawili wa kuchambua nao: mmoja muuguzi, mwingine kamaliza digrii ya sheria na anasubiri mambo yake yakae sawa. Grupu lao ni la watu watatu tu, na humo ndani hakuna kesi iliyowahi kuwashinda. Kila muuaji walishamkamata kabla ya polisi.

Siku moja, kwenye meza ya vitabu vya mtumba mjini, akakuta riwaya ya Kiingereza inaitwa His Bloody Project, ya Mskochi Graeme Macrae Burnet. Ilitoka mwaka 2015 kwa kampuni ndogo tu ya huko Scotland, na 2016 ikaingia kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker, watu wakashangaa, maana riwaya za mauaji huwa hazikaribishwi sana kwenye meza za wakubwa wale. Yeye hayo hakuyajua. Alinunua kwa sababu ya jina, na kwa sababu muuzaji alishuka mpaka elfu nane.

Akajua ni kitabu cha wikiendi moja. Kilimchukua wiki tatu, na katikati hapo kuna siku nne nzima hakukigusa.

Kwa ambao hamjakisoma (na kuwaeleza mwisho wake siyo kuwaharibia, mtaona kwa nini), mambo yenyewe ni hivi. Kuna kijiji kinaitwa Culduie. Kipo kweli, kwenye rasi ya Applecross, kaskazini magharibi mwa Scotland, ng'ambo ya maji unaona visiwa vya Raasay na Skye. Ndani ya riwaya kina nyumba tisa tu. Agosti 1869, kijana wa miaka 17 anayeitwa Roderick Macrae anabeba sepetu na jembe la mkono, anaingia nyumba ya jirani na kuua watu watatu: mwenye nyumba Lachlan Mackenzie, binti yake Flora, na mtoto mdogo wa kiume. Anatoka ametapakaa damu, watu wanamwona, anaulizwa, anakiri. Huo ndio mwanzo. Yaani kitabu hakijachanganya na muuaji unaye mkononi, wala hajakimbia.

Hapo mashabiki wengi wanaweza kukirudisha mezani. Waliokulia kwenye vitabu vya Kiswahili vya zamani wamezoea kuwe na mtu wa kufumbua. Elvis Musiba alikuwa na Willy Gamba, Ben Mtobwa na Joram Kiango, Mohammed Said Abdulla na Bwana Msa aliyefikiri taratibu huku wengine wanahangaika. Unajua mwishoni mtu atasimama aseme wewe ndiye, na hivi ndivyo ulivyofanya. Culduie hakuna mtu huyo. Kuna makaratasi. Kuna maelezo ya mashahidi, kuna maandishi marefu ambayo Roderick anayaandika akiwa gerezani Inverness kwa kuombwa na wakili wake, kuna ripoti ya waliokagua maiti, kuna habari za kesi mahakamani. Kuna hata maandishi ya J. Bruce Thomson, na huyu alikuwa mtu wa kweli, daktari wa gereza la Perth, mmoja wa wale waliotaka kuonyesha kwamba uhalifu unakaa kwenye damu na mtu anaurithi kama pua.

Mwandishi anaanza kwa kusema aliyakuta makaratasi hayo Inverness wakati anatafuta habari za babu yake. Ni uongo mtupu, kesi kaitunga mwenyewe. Lakini uongo umepangwa vizuri kiasi kwamba dada wa Kimara aliingia Google kutafuta kesi halisi, akatafuta kwa majina ya wote watatu, mpaka bando likakata.

Mashahidi ndio wa kwanza kumvuruga kichwa. Mama jirani anasema kijana alikuwa na adabu zake. Mchungaji anasema alikuwa mwovu. Mwalimu anasema alikuwa na akili kuliko watoto wote aliowahi kuwafundisha pale, angeweza kusoma zaidi, ila alitakiwa shambani. Kijiji cha nyumba tisa, mtoto wamemwona tangu anazaliwa, na hawakubaliani ni nani. Shosti muuguzi aliposimuliwa hiyo alicheka, akasema nenda msiba wowote ukasikilize wasifu wa marehemu.

Sasa, kilichomfanya asilale hakikuwa damu. Damu amezoea. Ilikuwa ni mwani.

Wakulima wa Culduie wanaishi kwenye ardhi ya mtu. Mwenye ardhi ni bwana mkubwa ambaye hata hawamwoni, ana meneja wake, na meneja ana msimamizi wake pale kijijini. Mashamba ni membamba na udongo umechoka, kwa hiyo watu wanashuka ufukweni kuokota mwani na kuutandaza shambani kama mbolea. Wamefanya hivyo miaka yote. Halafu Lachlan Mackenzie anapata usimamizi. Siku moja familia ya Macrae imeshajibebea mwani wake, imevunjika mgongo, jamaa anakuja anauliza: mmeomba ruhusa? Mwani ni mali ya mwenye ardhi. Rudisheni.

Na wanarudisha. Mzee mzima na watoto wake wanabeba mwani kuupeleka baharini, kijiji kinaangalia.

Kabla ya hapo kulikuwa na kesi ya kondoo. Roderick alimkuta kondoo dume wa Lachlan amenasa kwenye tope, ameumia, akampiga kichwani kumwondolea mateso. Familia ikatakiwa kulipa shilingi 35, shilingi moja kila wiki. Baada ya mwani ikaja habari ya kupunguziwa shamba, kipande kikapewa jirani mwingine. Kila kitu kwa utaratibu. Lachlan anaongeza kidogo tu, leo hiki, wiki ijayo kile, na kila mara ukitaka kulalamika unaonekana unalalamikia kitu kidogo.

Mpaka baba na kijana wanafunga safari kwenda kwa meneja. Wanataka kitu kimoja: waonyeshwe hizo sheria zimeandikwa wapi, ili wazifuate wasizivunje tena. Meneja anawajibu kama mtu anayeongea na watoto. Kwa ufupi anawaambia sheria zipo kwa sababu kila mtu anajua zipo, na anayetaka kuziona kwa macho bila shaka anatafuta njia ya kuzikwepa. Wanarudi nyumbani wakiwa na kosa jipya, la kuuliza.

Dada alifunga kitabu hapo. Hizo ndizo zile siku nne.

Maana kwao ni Kilimanjaro, juu kabisa kwenye migomba, kule ambako vihamba vimegawanywa baba kwa mwana mpaka mtu anarithi upana wa sebule. Mpaka wa kihamba huko hauwekwi na ukuta, unawekwa na masale, ile mimea mirefu ya majani membamba. Sale lina heshima yake. Ndilo hilo hilo unalompelekea mtu uliyemkosea ukiomba msamaha, na ni aibu kulikataa. Kuling'oa ili usogeze mpaka ni jambo ambalo wazee hawalisemi kwa sauti.

Na jirani yao alikuwa amelisogeza. Si sana, kama hatua mbili na nusu, wakati wa mvua. Jirani huyo ndiye mwenyekiti wa kitongoji. Baba wa dada ni mzee wa maneno machache, akasema hatua mbili si kitu, tuishi. Miezi michache baadaye yule mzee akatangaza kwamba kukata majani kando ya mfereji ni marufuku, majani ni ya jamii, atakayekamatwa atalipa faini. Ng'ombe wa kule hawachungwi, wanafungwa zizini na kukatiwa majani kila siku iendayo kwa Mungu, na familia hiyo imekata kando ya mfereji ule tangu babu. Aliyekamatwa wa kwanza alikuwa mdogo wake dada, kitinda mimba, miaka 19, kamaliza kidato cha nne na ndiye anayetakiwa kubaki na kihamba. Mzigo wa majani ukashushwa kichwani mbele ya watu waliotoka kanisani. Faini ikalipwa. Ikaja ya pili.

Haya yote dada alikuwa anayajua. Alisimuliwa kwa simu vipande vipande, kati ya habari za mama kuumwa magoti na bei ya kahawa, na alikuwa akijibu vile sote tunavyojibu tukiwa mjini: poleni, ndiyo maisha, nitatuma kitu mwisho wa mwezi. Kuyasoma yamepangwa mstari mmoja, na mwisho wake umeshauona kwenye kurasa za mwanzo, ni jambo lingine.

Kuna kitu kuhusu maandishi ya Roderick kinachotisha kuliko mauaji yenyewe. Anaandika kwa utulivu. Hana matusi, hana kilio. Anasema alitaka baba yake aondokewe na mateso, basi, kama mtu anayeeleza kwa nini alikata mti ulioegemea nyumba. Na dada analijua hilo kwa sababu ya kazi. Mteja anayefoka simuni hana shida, ataongea dakika kumi atachoka, mwisho atakuambia asante dada. Wa kuogopa ni yule anayesema polepole. "Sawa. Nimekuelewa. Hakuna tabu." Huyo ameshaamua, na ukimsikia ujue kesho ataonekana ofisini na wakili, au hutamsikia tena.

Siku ya nne usiku, saa saba na dakika zake, akampigia mdogo wake.

"Dada shikamoo."

"Marahaba. Mbona hujalala?"

"Nilikuwa nimelala, wewe ndiye umeniamsha."

"Vipi huko na yule mzee?"

"Kawaida tu."

"Kawaida vipi?"

"Kawaida, dada. Itaisha tu."

"Itaishaje?"

"Itaisha. Wewe usijali. Hakuna tabu."

Akakata simu, akawasha taa, akakaa kitandani mpaka asubuhi.

Alipowaeleza mashosti, mwanasheria alidhani wanaendelea na kitabu. Akaingia kwa miguu yote miwili. Kwake kesi ya Roderick ni ya akili: utetezi unajaribu kuonyesha kwamba wakati anaua hakuwa timamu, madaktari wanaitwa, baraza la wazee wa mahakama la watu kumi na tano linasikiliza, linakataa, kijana ananyongwa. Akasema wakili wake alifanya kazi nzuri ila mteja alimharibia, maana mtu anayeandika kurasa zote zile zilizonyooka utawaambiaje watu hana akili? Akaongeza la kwake la historia, na hili lilikuwa zuri. Wakulima wa milima ile mwaka 1869 walikuwa wanaweza kufukuzwa kwenye ardhi bila pa kulalamikia. Palichafuka hasa mwaka 1882 pale Skye, ng'ambo tu ya maji, ikaundwa tume, na sheria ya kuwalinda ikapitishwa mwaka 1886. Miaka kumi na saba baada ya sepetu la Roderick, sawa na umri aliokuwa nao.

Muuguzi alikuwa kimya. Alikuwa ameazima kitabu siku mbili na, kama kawaida yake, aliruka moja kwa moja kwenye ripoti ya maiti. Akauliza swali moja: mmesoma majeraha ya Flora?

Kwa wasiokijua, ndani ya ripoti ya waliokagua miili kuna majeraha ya yule binti ambayo Roderick, kwenye maandishi yake yote marefu na matulivu, hayataji. Na si majeraha ya mtu aliyekuwa njiani kumfuata baba. Kuna jambo alikuwa analitaka kwa binti huyo tangu mwanzo, na alikataliwa. Mwandishi hakuambii uamue nini. Anaweka karatasi mbili mezani na kuondoka.

Muuguzi aliamua. Alituma ujumbe wa sauti wa dakika sita, na kwa mtu wa shifti ya usiku hizo ni nyingi. Alisema nyie mnamhurumia kijana kwa sababu anajua kuandika. Flora hajaandika kitu. Yule mtoto mdogo hajaandika kitu. Angekuwa anaua kwa ajili ya mwani angeua mwenye kukataza mwani, akaishia hapo. Huyu alikuwa na hasira yake nyingine, akaipa jina la baba.

Dada alichukia. Alichukia kweli, akatoka kwenye grupu, akarudi baada ya saa moja kwa sababu grupu la watu watatu ukitoka linabaki chati ya wawili. Alikuwa ameshamweka mdogo wake kwenye kiti cha Roderick, na mtu anapotukana kiti hicho anatukana nyumbani kwao.

Muuguzi hakubishana. Aliandika mstari mmoja: na kwa huyo mwenyekiti wenu wanaishi wangapi?

Wanaishi wanne. Mzee, mkewe, binti yao aliyerudi kutoka kwenye ndoa, na mjukuu wa darasa la tatu ambaye dada akienda Desemba humpokea begi kuanzia njia panda na kumwita shangazi. Dada alikuwa hajawahi kumfikiria mtoto yule ndani ya mgogoro wa masale. Kwenye kichwa chake nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja tu.

Aliomba ruhusa ya siku mbili kazini, akapewa moja na manung'uniko. Basi la alfajiri kutoka stendi ya Mbezi, jioni yuko kwao, katikati ya Mei. Watu wanaomfahamu walimtania njia nzima, umekuja kuhesabiwa mwezi wa tano? Baba alimwangalia, akauliza, "Nani kakuita?" Mama hakuuliza, akaweka chai.

Jioni hiyo alienda na mdogo wake kukata majani, mbali, nusu saa kutembea, kwa sababu kando ya mfereji ni marufuku. Hakumuuliza chochote. Alikata, akafunga, akasubiri. Kijana alianza mwenyewe. Alimwambia anajua mzee anatoka kilabuni saa ngapi. Anajua siku gani anapita njia ya juu na siku gani ya chini, na Alhamisi anakuwa peke yake. Alisema kama mtu anayetaja ratiba ya mabasi. Panga lilikuwa mkononi, lakini huko kila mtu ana panga mkononi, ndiyo kazi yenyewe.

"Na yule mtoto?" dada akauliza.

"Mtoto gani?"

Akamtaja jina. Kijana akanyamaza mpaka walipofika zizini. Baadaye, wakati ng'ombe wanakula, akasema mtoto Alhamisi anakuwa kwa bibi yake mwingine. Alikuwa ameshalipigia hesabu hilo pia. Dada hakujua kama afurahi au atapike.

Asubuhi akaenda kwa mwenyekiti mwenyewe, kwa adabu zote, shikamoo, kilo mbili za sukari, habari za Dar. Halafu akauliza taratibu kama mteja: baba, lile katazo la majani lilipitishwa kwenye mkutano gani? Muhtasari wake tunaweza kuuona?

Mzee akacheka. Si kwa ubaya hata. Akasema mwanangu, huo ni utaratibu, unajulikana, na nyie mliosoma mkija mnataka karatasi ya kila kitu.

Dada anasema pale nywele zilimsimama.

Lakini hii ni Tanzania ya leo, siyo Culduie ya 1869, na shosti mwanasheria alikuwa ameshamtumia cha kufanya usiku uliopita. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kijiji kiwe na Baraza la Ardhi, watu saba, watatu wao wanawake, kazi yao kusuluhisha migogoro kama hii. La kwao lilikuwepo kwenye karatasi. Lilikuwa halijakaa muda mrefu kwa sababu hakuna aliyeliomba likae. Alimwandikia baba yake barua, baba akagoma kusaini, mambo ya kihamba hayapelekwi kwa watu. Mama akasema basi nitasaini mimi. Ndipo mzee akachukua kalamu.

Baraza lilikaa wiki tatu baadaye, dada akiwa ameshageuza Dar, kwa hiyo alilisikia kwa simu. Wanaume waliongea sana kuhusu undugu na amani. Aliyemaliza maneno ni bibi mmoja mjumbe, ambaye aliinuka akaenda mpakani na fimbo yake, akaangalia masale, akayashika mashina moja moja. Akarudi akasema masale ya mpaka ule aliyakuta wakati anaolewa, na sale la umri huo lina shina kama mkono wa mtoto. Haya ya sasa ni kama kidole. Nani kayapanda?

Mpaka ukarudi, au angalau maneno ya kuurudisha yaliandikwa na kusomwa. Kuhusu majani, ilionekana hakuna mkutano wowote uliowahi kupitisha katazo. Faini hazijarudishwa. Mwenyekiti alisema ameelewa, hana neno, na kwamba atafika ngazi za juu. Alisema polepole, mama aliposimulia hapo dada akamuuliza mara mbili: alisema kwa sauti gani?

Kijana hayupo tena kule. Dada aliondoka naye siku ileile, begi moja, kwa kisingizio cha kazi ya dukani kwa mtu, na kazi yenyewe ikapatikana baada ya mwezi na nusu wa kulala sebuleni na kumaliza mkate. Si jambo dogo. Kitinda mimba ndiye wa kihamba, na sasa kihamba kina wazee wawili na ng'ombe wawili. Ndugu wengine wamemsema dada sana kwenye grupu la ukoo kwamba amemharibu mtoto, amemfundisha mji, na hawajui lolote kuhusu Alhamisi. Hajawaambia. Baba pia hajui. Au anajua, kwa mzee yule huwezi kusema.

Kitabu kipo kwenye meza ya TV. Kiingereza chake kigumu kwa kijana, kwa hiyo dada amekuwa akimsimulia usiku umeme ukikatika, sura kwa sura, bila kuruka. Kondoo, mwani, safari ya kwa meneja. Hata ripoti ya maiti alimsomea yote, akitafsiri neno kwa neno, kwa sababu muuguzi alimwambia usipomsomea hiyo umemsomea nusu. Kijana alisikiliza. Hakusema Roderick alikosea wala alifanya vizuri. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Huyo baba yake alikuwa wapi?"

Dada akamwambia alikuwepo. Alikuwa nyumbani muda wote.

Mama alipiga Jumapili. Magoti hayajambo. Kahawa imepanda kidogo. Majani anakata baba mwenyewe siku hizi, na harudi tena kule mbali, anakata hapohapo kando ya mfereji, asubuhi, watu wakiwa wanapita kwenda kanisani.